Magofu ya Engaruka au Oldoinyo Lengai: mtu wa Tabora mwenye siku moja achague kipi?

Nianze na jibu, ili mwenye haraka asome aya hii aende zake. Ukiwa na siku moja tu na mwongoza wageni wako, safari inayoenea ndani ya siku hiyo ni hii: asubuhi magofu ya Engaruka, yaani vijiji na mashamba ya kale ya mawe mkoani Arusha, mchana kuutazama mlima wa volkano Oldoinyo Lengai kutokea chini, jioni kurudi kulala mji mdogo wa Mto wa Mbu. Kuupanda mlima wenyewe ni safari nyingine kabisa, ina usiku wake na ina watu wake. Mtu akikuahidi kwamba atakutembeza magofuni, akupandishe kileleni na kukurudisha hotelini siku hiyo hiyo, mwulize mtalala saa ngapi.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Tabora hasa. Likizo ya Juni ikikaribia, walimu, wauguzi na akina mama wa vikoba huanza kuulizana fedha waliyochanga iwapeleke wapi, na safari ya "magofu na volkano kwa siku moja" imeanza kutajwa kwenye mazungumzo hayo. Inavutia. Lakini ni vyema kujua kwa nini mahali pengine inawezekana na kwetu inabana.

Mfano maarufu duniani uko Italia. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka ukaufukia mji wa Pompeii kwa majivu, na leo mgeni anatembea kwenye mitaa ya Pompeii asubuhi, halafu mchana anapelekwa mlimani. Vesuvius una mita 1,281 tu, na barabara ya gari inafika karibu mita 1,000. Kinachobaki ni kutembea kwa muda usiofika saa moja. Treni inapita pale pale. Kwa hiyo siku moja inatosha na muda wa kunywa kahawa unabaki. Oldoinyo Lengai una mita 2,962, hauna barabara ya kukupandisha hata robo yake, na kutoka magofuni hadi mguuni mwake kuna safari ya kutosha kukuchosha kabla hujaanza kupanda. Ratiba ya Italia ukiihamishia Monduli na Ngorongoro kama ilivyo, kuna kitu kitakatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni magofu: mnasimama dakika ishirini, mnapiga picha, "twendeni, mlima unatusubiri."

Umbali, kwanza

Basi la Arusha linaondoka Tabora alfajiri, linapita Nzega, Igunga, Singida, Katesh na Babati, na siku nzima inaishia humo. Vikundi vingi hupitiliza hadi Arusha mjini, vikalala huko, kesho yake vikarudishwa njia ile ile vilikopita jana. Hakuna haja. Shukeni Makuyuni, njia panda ya kwenda Karatu na Ngorongoro. Kutoka hapo hadi Mto wa Mbu ni lami, haifiki kilomita 40, na magari ya abiria yapo. Mto wa Mbu kuna vyumba vya kila mfuko, kuna ndizi nyekundu sokoni, na ndipo waongoza wageni wengi wa upande huo wanapopatikana.

Kutoka Mto wa Mbu mnashika barabara ya kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wa kushoto muda wote. Engaruka iko kama kilomita 60. Ngare Sero, kijiji kilicho kati ya Lengai na Ziwa Natron, ni kama kilomita 60 nyingine mbele. Kwa lami ya Nzega hiyo ni safari ya kupiga soga kidogo mkafika. Kwa barabara ile, yenye vumbi jepesi kama unga na makorongo yanayokatiza, kila kipande kihesabu saa mbili, na mvua ikinyesha usihesabu kabisa. Kwenda hadi Ngare Sero na kurudi ni kilomita 240 hivi. Dereva wa daladala za Ipuli anajua kilomita 240 za vumbi zinamfanya mtu aweje jioni.

Engaruka: mawe, maji na swali lisilojibiwa

Mama mmoja wa kikoba chetu aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, sasa mtu atoke Tabora nauli yote hiyo akaangalie mawe?" Nikamwambia, "Mama, hayo mawe ni shamba." Akanyamaza kidogo. Yeye ni mkulima wa mpunga, na mkulima akishaambiwa hivyo anataka kujua maji yalitoka wapi.

Na hapo ndipo utamu wa Engaruka ulipo. Usiende ukitarajia kuta ndefu na misikiti kama ya Kilwa au Kaole. Kuna kuta fupi za mawe makavu, yamepangwa bila udongo wala chokaa, zinapanda mteremko kwa ngazi ngazi. Kwenye kila ngazi palisawazishwa, na juu yake zilijengwa nyumba za miti na nyasi ambazo zimeshaoza zamani. Wataalamu wamehesabu vijiji saba vya namna hiyo kwenye mteremko. Chini yake, kwenye uwanda, kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kuunganishwa kwa mifereji, eneo la hekta zipatazo 2,000. Watu waliishi na kulima pale tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18. Walilima mtama. Maji waliyatoa kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaacha yashuke taratibu kutoka mfereji mmoja hadi mwingine kwa mteremko mdogo sana ambao leo fundi angeutafutia kipimo cha maji.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha jambo ambalo mwongoza wageni mzuri atakuonyesha kwa kidole: baadhi ya mashamba hayakukutwa pale, yalitengenezwa. Walipanga mawe kukinga maji ya mafuriko, matope yakatuama nyuma ya mawe, wakaongeza safu nyingine, matope yakatuama tena, mpaka udongo wa kulimia ukapatikana juu ya changarawe. Mtu anayelima majaruba ya mpunga Igunga au Nzega ataelewa haraka kuliko mtalii wa Ulaya mwenye kitabu mkononi. Hii ndiyo sababu ninawaambia watu wa kwetu kwamba Engaruka ni yao kuliko wanavyodhani.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika pale mwaka 1935, akakadiria kwamba wakazi walikuwa makumi ya maelfu. Waliomfuata wamepunguza sana idadi hiyo, kwa hoja rahisi kwamba si nyumba zote wala mashamba yote yalitumika kwa wakati mmoja. Ni akina nani hasa waliojenga? Wapo wanaowahusisha na Wairaki, wapo wanaowataja Wasonjo, ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji upande wa kaskazini-magharibi. Hakuna jibu la kufunga mjadala. Nalo swali la kwa nini waliondoka linabishaniwa vivyo hivyo, ingawa kupungua kwa maji ndiko kunakotajwa zaidi.

Hapa nina ombi kwa wanaoongoza wageni. Acheni kusema kwamba Lengai ndio uliofukuza watu Engaruka. Hadithi hiyo inanoga kwa sababu inafanana na ya Pompeii, lakini magofu hayakukutwa chini ya majivu ya mlipuko, na wataalamu hawasimulii hivyo. Engaruka haihitaji volkano ili iwe na hadithi.

Jambo lingine: magofu hayana kibao kila hatua. Ukienda bila mwongozaji utaona vichaka vya miiba na mawe yaliyolala, utarudi ukinung'unika. Ukiwa na mtu wa kijijini anayelijua eneo, baada ya nusu saa jicho linazoea, unaanza kuona mwenyewe: huu ulikuwa mfereji, huu ni uzio wa ng'ombe, pale palikuwa na nyumba. Pangeni muda wa saa tatu, usipungue. Halafu malizieni kijiji cha sasa cha Engaruka, mkaone mahindi, maharage na migomba inayomwagiliwa kwa maji ya mto ule ule. Wengi wetu jina hilo tumelisikia kwenye taarifa ya habari kwa sababu ya mradi wa magadi soda. Bonde la magadi nalo liko upande huo huo.

Nani anafaa kwenda? Karibu kila mtu anayeweza kutembea mteremko wa mawe taratibu. Mzee mwenye magoti yanayouma anaweza kubaki kwenye mashamba ya chini na asikose sehemu kubwa ya maana. Mtoto wa darasa la nne anaweza, mradi avae viatu vya kufunika vidole na apate kofia, maana jua la pale halina huruma na miti ya kivuli ni michache.

Oldoinyo Lengai: mlima unaotapika magadi

Sasa mlima. Kati ya volkano zote hai duniani, Lengai ndio pekee unaojulikana kutoa lava ya aina yake: haina silika (madini yaliyo kwenye mchanga) nyingi kama lava ya kawaida, imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Kwa lugha ya jikoni, ni magadi ya moto. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida, ndiyo maana mchana inaonekana nyeusi kama mafuta machafu ya gari na haing'ai nyekundu. Ikigusana na unyevu inageuka nyeupe. Ukiwa mbali utaapa kwamba kilele kina theluji.

Mlima huo haujalala. Ulilipuka mwaka 1917, 1940 na 1966, na Septemba 2007 ulianza kulipuka kwa nguvu, ukaendelea kumwaga majivu hadi mwaka uliofuata. Mlipuko huo uliacha shimo refu katikati ya kasoko, yaani mdomo wa volkano, na tangu hapo lava imekuwa ikichemka na kujaza chini taratibu. Kwa hiyo hali ya kileleni hubadilika. Anachokuambia aliyepanda miaka kadhaa iliyopita kinaweza kuwa si kilichopo leo, na waongozaji wa Ngare Sero ndio wa kuulizwa, maana wao wanapanda kila wiki.

Kupanda kwenyewe kuko hivi. Mnaondoka kambini Ngare Sero karibu usiku wa manane, gari linawapeleka hadi mwisho wa njia, mnaanza kutembea kwa tochi za kichwani. Mnapanda mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kwa saa tano au sita, kwenye majivu yanayoteleza: hatua mbili mbele, nusu hatua nyuma. Sehemu za juu mteremko ni mkali kiasi cha kushika ardhi kwa mikono, kwa hiyo glavu si mapambo. Hakuna kijito njiani, hakuna mti. Kila mtu anabeba maji yake, lita tatu au nne. Jua linachomoza mkiwa kileleni, chini kuna Ziwa Natron, ng'ambo kuna mlima Gelai, na nyuma yenu ukuta wa Bonde la Ufa. Halafu mnashuka haraka kabla joto halijakolea, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kucha za vidole. Mnafika chini asubuhi mkiwa weupe kwa vumbi, mnaoga mtoni, mnalala.

Hesabu basi mwenyewe. Usiku mzima hamkulala, asubuhi yote mnashuka, mchana mmechoka, halafu bado kilomita 60 hadi Engaruka. Anayekwambia kwamba hapo utakuwa na hamu ya kutazama mifereji ya karne ya 15 hajawahi kushuka Lengai.

Nani apande? Mtu mwenye mapafu mazuri aliyezoea kutembea, asiyeogopa giza wala urefu. Kijana wa Milambo anayecheza mpira kila jioni atafika. Mwenye shinikizo la damu, pumu au goti bovu abaki chini bila aibu. Watoto wasipande. Kwa Wamasai mlima huo ni mahali patakatifu, watu huenda kuomba mvua na kuomba watoto. Kwa hiyo hata mkifika juu mkiwa na furaha ya kupita kiasi, pigeni kelele zenu kwa adabu.

Wasiopanda wanapata nini?

Wanapata kingi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kuona volkano bila kuipanda ni hasara. Lengai umesimama peke yake, umechongoka, hauna safu ya milima ya kuuficha. Mkishamaliza Engaruka, endeleeni kaskazini mpaka mlima Kerimasi, ambao nao ni volkano iliyokufa, uanze kubaki nyuma. Lengai unajitokeza wote kuanzia mguuni hadi kileleni. Njiani kuna kasoko dogo ambalo madereva huliita Shimo la Mungu, mnashuka dakika chache kuchungulia. Hapo ndipo pa kugeuzia gari kama ni safari ya siku moja. Msijaribu kufika ziwani. Natron ni pazuri, ndipo heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki wanapotagia, lakini mkiliongeza kwenye siku hiyo mtarudi Mto wa Mbu usiku wa manane, na barabara ile usiku siipendi.

Kama mna siku mbili, mambo yanabadilika, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kikundi chenye watu mchanganyiko. Siku ya kwanza: Engaruka kuanzia saa tatu asubuhi, halafu Ngare Sero kabla ya jua kuzama. Wanaopanda wanakula mapema na kulala masaa machache, saa tano usiku wanaamshwa. Wasiopanda wanalala usingizi wao, asubuhi wanapelekwa kwenye maporomoko ya mto Ngare Sero, au kuulizia nyayo. Nyayo hizo ni za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya volkano yaliyoletwa na maji, likakauka na kuwa jiwe. Wataalamu wanasema zina umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Pengo hilo ni kubwa, lakini hata ukichukua namba ndogo, mtu huyo alipita pale maelfu ya miaka kabla ya mwashi wa kwanza wa Engaruka. Eneo hilo linalindwa, hivyo ulizeni kijijini utaratibu ulivyo kabla ya kwenda. Kama mnatafuta mahali ambapo watu wa kale na volkano vimekutana kweli, ni hapo.

Hanang, kwa wanaotaka kupanda bila kukesha

Basi lenu linapita Katesh. Wengi huwa wamesinzia. Kando ya barabara umesimama mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, mrefu kuliko Lengai, nao ni volkano, ila iliyozimika. Unapandwa mchana: mnaanza alfajiri, mtu mzima mwenye afya anafika juu na kurudi siku hiyo hiyo, ingawa ni siku ndefu ya kuchosha. Njia ina msitu, kuna kivuli, ardhi inashikika. Utaratibu wa kibali na mwongozaji unaanzia Katesh mjini.

Ukilinganisha, Hanang unaishinda Lengai kwa gharama, kwa ukaribu na kwa usingizi. Lengai unaishinda Hanang kwa kitu kimoja tu, lakini kitu kizito: moto. Juu ya Hanang hakuna lava wala moshi, kuna upepo na mandhari. Anayetaka mazoezi na picha aende Hanang. Anayetaka kuona dunia ikichemka hana njia ya mkato.

Neno moja la tahadhari. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Hanang yaliipiga Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Msiende msimu wa mvua kubwa, na mkipita pale mkumbuke kwamba wenyeji wengi wana msiba wa karibuni. Si mahali pa kuuliza maswali ya udaku.

Na kama fedha haijatosha

Hapo kuna Kwihara, kama kilomita 8 kutoka mjini Tabora, na bajaji inafika. Wangapi tumezaliwa hapa na hatujaingia? Ni tembe lenye paa bapa na milango ya kuchonga, lililojengwa upya mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Yeye na Henry Morton Stanley walifika Februari wakitokea Ujiji, Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Ni kituo cha njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ambayo mababu wa Kinyamwezi waliitembea mizigo ikiwa begani. Mwongozaji akiwa mzuri, mwombeni awasimulie pia Mirambo, na Mtemi Isike aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipomzingira.

Hakuna volkano Kwihara, wala hakuna ukuta wa karne ya 15. Lakini kwa nusu siku na nauli ya bajaji unapata historia inayokuhusu, na watoto wa shule wanaweza kwenda darasa zima. Mimi ningewapeleka wanafunzi Kwihara kwanza, ndipo wakienda Engaruka wawe wamejifunza kuuliza maswali.

Mwongozaji na fedha

Gharama kubwa ya safari ya Engaruka na Lengai ni gari. Gari linakodishwa kwa siku, si kwa kichwa, kwa hiyo watu sita wakichanga kila mmoja analipa kidogo sana kuliko wawili. Kodini lenye nafasi chini na magurudumu manne yanayovuta. Noah itawafikisha Engaruka kiangazi kwa bahati, mbele ya hapo msijaribu. Baada ya gari kuna mwongozaji, kuna viingilio, na kuna vizuizi vya ushuru wa halmashauri na vijiji njiani. Hivyo vizuizi ndivyo vinavyozua ugomvi. Kabla ya kulipa, andikeni kwenye karatasi: bei hii imejumlisha ushuru wa vizuizi vyote? Imejumlisha mwongozaji wa kijijini pale magofuni, au ni dereva tu atakayeonyesha kwa kidole? Chakula cha mchana? Maji? Asiyetaka kuandika, tafuteni mwingine. Na kila kizuizini dai stakabadhi.

Taja mapema kwamba ninyi ni Watanzania. Viingilio vya raia ni tofauti na vya wageni, na bei ya kwanza unayotajiwa kwa simu mara nyingi imekaa upande wa mgeni. Bebeni vitambulisho vya taifa.

Kuhusu kutumia kampuni ya Arusha au kwenda moja kwa moja kwa waongozaji wa Mto wa Mbu: kampuni inakupunguzia kuhangaika, na mkiwa kikundi kikubwa chenye wazee inafaa. Lakini kwa Engaruka pekee, ofisi ya utalii wa utamaduni ya Mto wa Mbu inatosha, na fedha inabaki karibu na wanaoyatunza magofu. Kwa kupanda Lengai usikubali mwongozaji asiye wa Ngare Sero, hata awe na vyeti ukuta mzima. Njia ya mlima ule inabadilika kila majivu yanapohama, na anayeijua ni aliyepita wiki iliyopita.

Msimu: Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei makorongo hujaa na gari linaweza kulala ng'ambo. Desemba, likizo nyingine ya shule, inategemea mvua za mwaka huo. Pigieni watu wa Mto wa Mbu simu siku mbili kabla ya kuondoka Tabora, si wiki mbili.

Na tiketi ya kurudi kateni mapema, muwaambie wa ofisi ya basi kwamba mtapandia Makuyuni. Basi la Tabora linatoka Arusha alfajiri na linapita pale asubuhi na mapema. Likiwa limejaa halisimami, na mnaweza kujikuta mnasubiri hadi kesho yake.